Ufa na Ukuta: Je, Timu Inayojengwa Upya Yaweza Kuinuka kwa Haraka?

Katika msamiati wa michezo hakuna usemi uliochakaa kwa kutumiwa kama huu wa "kujenga upya". Timu inaposhindwa mwaka huu, viongozi wake husema kwamba inajengwa upya. Inaposhindwa mwaka wa pili, husema kwamba ujenzi ungali unaendelea. Ikifika mwaka wa tano huletwa fundi mwingine, ambaye huubomoa msingi aliouweka mwenzake, kisha huwaomba mashabiki subira nyingine ya miaka mitano. Sisi tunaosoma fasihi twafahamu kwamba sitiari haikai bure katika lugha. Humtumikia anayeitumia, na wakati mwingine humhadaa anayeisikiliza. Makala haya yananuia kuichunguza sitiari hiyo mahali ambapo imetumiwa kwa wingi na ambapo ukweli wake waweza kupimwa kwa tarakimu za kila mwaka, yaani katika kandanda ya Australia. Swali ni moja: je, timu iliyo chini kabisa, iliyoagana na wazee wake na kuwategemea chipukizi, yaweza kuinuka kwa haraka? Na kwa haraka nina maana ya misimu miwili au mitatu, si muongo mzima.

Huenda msomaji akauliza tuna nini na mchezo ambao wengi wetu hatujauona ila kwa nasibu kwenye runinga. Jibu langu ni kwamba Waaustralia wameunda ligi ambayo, kwa sheria zake zenyewe, inakusudia mnyonge ainuke. Katika soka ya Ulaya tajiri hununua amtakaye na maskini hushushwa daraja; dau la mnyonge haliendi joshi na hakuna anayeshangaa. Waaustralia wamejaribu kuubadilisha upepo. Basi ikiwa kuna mahali ambapo timu dhaifu ingepaswa kupanda upesi, ni huko. Na ikiwa hata huko baadhi ya timu hukaa chini kwa miaka kumi, hatutaweza kuulaumu umaskini pekee. Itatulazimu kuwatazama mafundi.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu una sheria zilizoandikwa mjini Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla ya Waingereza kuunda chama chao cha soka. Huchezwa kwenye uwanja wa duaradufu, wachezaji 18 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai ambao hupigwa teke au kusukumwa kwa ngumi. Milingoti ni minne kila upande. Mpira uliopigwa teke ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati huleta alama 6, na ukipita kando yake huleta alama 1. Ligi kuu ilianza mwaka 1897 kama ligi ya jimbo la Victoria, ikajitwalia jina la taifa zima mwaka 1990, na tangu mwaka 2012 imekuwa na timu 18. Msimamo wa ligi huko huitwa ngazi, jina ambalo binafsi naliona bora kuliko jedwali letu, kwa sababu ngazi humkumbusha mtu kwamba kuna kupanda na kuna kuteleza.

Hakuna kushushwa daraja. Anayeshika mkia hubaki ligini, na zaidi ya hayo hutuzwa. Tangu mwaka 1986, kila mwisho wa msimu hufanywa uteuzi wa chipukizi wa nchi nzima, na timu iliyokuwa ya mwisho ndiyo hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua. Kijana wa miaka 18 hachagui aendako. Aliyekulia Perth aweza kujikuta Brisbane, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka kwao. Pamoja na uteuzi huo kuna kikomo cha mishahara, ili tajiri asiwakusanye nyota wote chini ya paa lake. Hata ratiba husaidia: timu ni 18 lakini tangu mwaka 2023 michezo ya msimu wa kawaida ni 23, hivyo si kila timu hukutana na kila nyingine mara mbili, na ligi huwapa waliokuwa chini mwaka uliopita wapinzani wepesi kiasi. Ukiyajumlisha hayo yote utadhani kwamba gurudumu lazima lizunguke lenyewe, aliye chini leo awe juu kesho kutwa.

Na kwa hakika kuna ithibati tele ya kuzunguka huko. Richmond ilimaliza ya 13 mwaka 2016, na mwaka 2017 ikatwaa ubingwa kwa kuilaza Adelaide kwa alama 48 katika fainali kuu, ubingwa wake wa kwanza tangu 1980. Western Bulldogs ilikuwa ya 14 mwaka 2014. Mwishoni mwa msimu huo ilimpoteza kocha, na nahodha wake akahamia kwingine. Miaka miwili baadaye ilikuwa bingwa, na ubingwa wake wa mwisho kabla ya huo ulikuwa wa 1954. Collingwood ilikuwa ya 17 mwaka 2021, ya 4 mwaka 2022 na bingwa mwaka 2023. Melbourne ilikuwa ya 17 mwaka 2019 na bingwa mwaka 2021. Adelaide iliyokuwa ya 15 mwaka 2024 iliongoza ngazi mwaka 2025 kwa kushinda michezo 18, ingawa ilishindwa michezo yake yote miwili ya hatua ya mwisho. Anayesema kwamba haiwezekani kupanda kwa haraka basi hajaitazama ngazi.

Hata hivyo, nionavyo mimi, mifano hii hutumiwa vibaya. Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo ina mambo mawili ambayo viongozi wa klabu huyachanganya kuwa moja. Kuna timu yenye ufa, na kuna timu ambayo ukuta wake umeanguka. Zote mbili zaweza kumaliza msimu katika nafasi ya 17, na kwa anayesoma tarakimu tu zitaonekana sawa. Lakini ya kwanza huhitaji udongo na mkono wa fundi kwa siku chache, ilhali ya pili huhitaji mawe, na mawe hayaokotwi kwa siku moja.

Itazameni Richmond kwa makini. Kabla ya kuanguka kwake mwaka 2016, ilikuwa imeingia hatua ya mwisho ya mashindano miaka mitatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015, na kila mara ikatolewa katika mchezo wa kwanza. Kocha Damien Hardwick alikuwapo tangu msimu wa 2010. Trent Cotchin, Jack Riewoldt, Alex Rance na Dustin Martin walikuwa wamekomaa tayari. Mwishoni mwa 2016 klabu haikubomoa chochote. Ilimbakiza kocha ijapokuwa kelele za kumtaka aondoke zilikuwa nyingi, ikawaleta Dion Prestia, Josh Caddy na Toby Nankervis kutoka timu nyingine, ikabadilisha namna ya kushambulia kwa kumwacha Riewoldt awe mrefu pekee mbele akizungukwa na wachezaji wafupi wenye mbio. Martin akaweza mwaka huo kushinda tuzo ya mchezaji bora wa msimu, tuzo ya mchezaji bora wa fainali kuu, na ubingwa wenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Huo ulikuwa ufa, nao ukazibwa.

Ndivyo ilivyokuwa Collingwood pia. Timu iliyoshika nafasi ya 17 mwaka 2021 ilikuwa imecheza fainali kuu mwaka 2018 na kushindwa kwa alama 5 tu. Scott Pendlebury na Steele Sidebottom walikuwa wangali uwanjani. Craig McRae, kocha mpya, aliwakuta wazee hao pamoja na vijana waliokwisha kuiva, na juu ya hayo akampata Nick Daicos, kijana ambaye klabu ilikuwa na haki ya kumchukua kwa sababu baba yake aliichezea. Sheria ya huko yasema kwamba mwana wa aliyeichezea klabu michezo isiyopungua 100 aweza kurithiwa na klabu hiyo. Ni sheria ya ajabu katika ligi inayojidai kuwasawazisha wote, lakini nakiri kwamba inanipendeza. Nasaba nayo ina haki yake. Collingwood ya 2022, tuseme ukweli, ilibebwa pia na bahati, maana ilishinda michezo mingi kwa tofauti ndogo mno. Mwaka uliofuata iliishinda Brisbane katika fainali kuu kwa alama 4.

Sasa tugeukie kuta zilizoanguka. Carlton ni miongoni mwa klabu kongwe zenye fahari kubwa, yenye mataji 16, la mwisho likiwa la 1995. Mwaka 2002 ilishika mkia kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka huohuo ikaadhibiwa kwa kukiuka kikomo cha mishahara: ikatozwa faini na kunyang'anywa nafasi za kuchagua chipukizi. Baadaye ilipewa chipukizi nambari moja wa nchi mara tatu mfululizo, mwaka 2005, 2006 na 2007. Mtu angetarajia kwamba kwa vito vitatu kama hivyo ingeitawala ligi. Badala yake ilishika mkia tena mwaka 2015, na tena mwaka 2018, na ilifika hatua inayotangulia fainali kuu mwaka 2023 tu. North Melbourne nayo, kuanzia mwaka 2020 hadi 2025, haikuwahi kupanda juu ya nafasi ya 16. Chipukizi wake nambari moja wa mwaka 2021, Jason Horne-Francis, aliondoka baada ya msimu mmoja.

Lakini kisa kinachostahili kutafakariwa zaidi ni cha Melbourne, klabu iliyoupa mchezo wenyewe jina lake la awali. Nimeitaja hapo juu kama mfano wa kuinuka kwa haraka, kutoka nafasi ya 17 hadi ubingwa katika miaka miwili. Hesabu hiyo ni ya kweli, na hapohapo ni ya uongo. Melbourne ilishika mkia mwaka 2008, na ikashika mkia tena mwaka 2009. Viongozi wake waliamini kwamba ukuta hujengwa kwa kuyaondoa mawe yote ya zamani na kuanza upya kwa mawe mabichi. Mwaka 2008 walimchagua Jack Watts akiwa nambari moja. Mwaka 2009 wakachagua nambari moja na nambari mbili kwa pamoja, Tom Scully na Jack Trengove. Julai 2011 timu hiyo ya vijana ilikwenda Geelong ikafungwa alama 233 kwa 47. Tofauti ni alama 186. Kocha akafutwa kazi. Mwisho wa mwaka Scully akaenda zake katika timu mpya ya Sydney Magharibi. Mwaka 2012 Trengove, kijana wa miaka 20, alifanywa nahodha mwenza, nahodha mdogo zaidi katika historia ya ligi, ili aiongoze merikebu iliyokwisha kuingia maji. Majeraha ya mguu yakamwandama baadaye na hakuwahi kuwa yule aliyetarajiwa.

Hapa ndipo penye jambo zito, na ndipo mjadala huu unapokoma kuwa wa ngazi na alama. Tunaposema kwamba klabu "inajenga", vifaa vya ujenzi ni watu. Jiwe lililowekwa vibaya huondolewa likawekwa upya, wala halilalamiki. Kijana wa miaka 18 aliyetiwa katika timu inayofungwa kila Jumamosi hujifunza kufungwa. Hujifunza kuinamisha kichwa robo ya tatu inapoanza, na kupiga mpira ovyo ili asilaumiwe. Hujifunza pia kutoamini ahadi. Nyumba hungoja ikamilike ndipo watu waingie, lakini timu hukaliwa ikiwa haina paa, na mvua hunyesha kila wiki. Sitiari ya ujenzi yaificha mvua hiyo. Nadhani sitiari ya uanagenzi ingefaa zaidi. Mwanagenzi hatengenezi jahazi peke yake kwa kuwa tu ana kipaji na mkono mwepesi. Hukaa kando ya fundi, akamtazama anavyoishika tezo, akaharibu mbao chache zisizo na hasara kubwa, hata siku moja fundi akaondoka na kazi isisimame. Ukiwafukuza mafundi wote asubuhi moja na kujaza karakana wanagenzi, hata wawe hodari kiasi gani, hutapata jahazi.

Kuna sababu za kimwili pia. Mchezo huu una migongano mikali na mbio ndefu, na mwili wa kijana aliyetoka shuleni haujawa tayari kwa mapambano na mwanamume wa miaka 27 aliyekaa miaka tisa katika mazoezi. Wachezaji wafupi wa mbio huweza kung'ara mapema. Warefu, wanaocheza mbele ya milingoti au kuilinda, huchukua miaka mingi zaidi kukomaa. Kwa hiyo timu iliyochagua warefu watano mwaka huu isitarajie chochote kutoka kwao kabla ya miaka minne, na katika miaka hiyo minne lazima awepo mtu wa kubeba mzigo.

Je, Melbourne iliinukaje basi? Haikuinuka kwa Watts, Scully na Trengove. Iliinuka baada ya kuja Paul Roos mwaka 2014, kocha mzoefu aliyekuwa ameipa Sydney ubingwa, ambaye kwanza aliifundisha timu namna ya kutofungwa vibaya, kisha akamwachia Simon Goodwin. Iliwachagua vijana wengine, Christian Petracca na Clayton Oliver miongoni mwao, lakini safari hii ikawazungushia watu wazima: Jake Lever kutoka Adelaide, Steven May kutoka Gold Coast, na nahodha Max Gawn aliyekuwa klabuni tangu uteuzi wa 2009. Kuanguka kwa mwaka 2019 kulikuwa ufa katika ukuta uliokwisha kusimama. Mwaka 2018 timu hiyohiyo ilikuwa imefika hatua inayotangulia fainali kuu. Anayehesabu kutoka 2019 hadi 2021 atasema miaka miwili. Anayehesabu kwa haki atasema miaka 13. Nathan Jones aliichezea klabu hiyo tangu mwaka 2006, akavumilia vipigo vyote hivyo, na alistaafu mwaka 2021 akiwa na michezo 302. Siku ya fainali kuu, iliyochezwa Perth kwa sababu ya korona, Melbourne ilipopata ubingwa wake wa kwanza tangu 1964, hakuwamo kikosini. Alikuwa amerudi nyumbani kwa mkewe aliyekuwa akitarajia kujifungua pacha. Mvumilivu hula mbivu, twaambiwa. Jones alivumilia, wakala wengine.

Tofauti na hayo ni Shane Crawford wa Hawthorn. Klabu yake ilishika nafasi ya 15 kati ya timu 16 mwaka 2004, ikamteua Alastair Clarkson kuwa kocha, na katika uteuzi wa mwaka huo ikawapata Jarryd Roughead, Lance Franklin na Jordan Lewis. Timu ilikuwa changa sana. Lakini Crawford, aliyeanza kuichezea mwaka 1993, aliachwa kati ya vijana hao, na mchezo wake wa 305 na wa mwisho ukawa fainali kuu ya 2008 ambayo Hawthorn ilishinda. Ilichukua miaka minne. Nadhani huo ndio muda wa haki kwa ukuta unaojengwa vizuri, na hauwezi kuitwa haraka.

Atatokea mtu wa kunipinga kwa kutumia Brisbane. Timu hiyo ilishika mkia mwaka 2017, ikawa ya 15 mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapanda hadi nafasi ya pili. Ukuta wake kwa hakika ulikuwa umeanguka; mwaka 2013 pekee vijana watano waliihama. Hoja hii ni nzito, lakini tazameni kilichofanyika. Chris Fagan, kocha ambaye hakuwahi kucheza katika ligi kuu lakini alikuwa mwalimu wa muda mrefu, alishinda michezo 5 mwaka 2017 na michezo 5 tena mwaka 2018. Ngazi ilisema hakuna maendeleo. Mwaka huo wa pili timu ilianza kwa kushindwa mara 8 mfululizo. Lakini vipigo vilikuwa vimepungua ukali, na aliyetazama mchezo wenyewe angeona. Klabu ilimwomba Luke Hodge, aliyekuwa nahodha wa Hawthorn na aliyekwisha kutangaza kustaafu, aje acheze miaka miwili zaidi kando ya walinzi wachanga kama Harris Andrews. Ikamleta Charlie Cameron kutoka Adelaide, na mwishoni mwa 2018 ikamleta Lachie Neale kutoka Fremantle. Kwa hiyo kilichoonekana mwaka 2019 kama muujiza kilikuwa kimepikwa kwa misimu miwili jikoni bila moshi kuonekana. Na hata baada ya kupanda, Brisbane ilingoja hadi 2024 kuwa bingwa, ikarudia mwaka 2025 kwa kuishinda Geelong kwa alama 47.

Hoja ngumu zaidi kwangu ni ya Hawthorn ya juzijuzi. Mwishoni mwa 2022 iliwaacha wazee wake kadhaa kwa mpigo, jambo ambalo nimelilaani hapo juu, ikawa ya 16 mwaka 2023, ikapoteza michezo 5 ya kwanza ya 2024, kisha ikapaa hadi nafasi ya 7 na kushinda mchezo wa hatua ya mwisho. Siwezi kuieleza yote kwa nadharia yangu. Naweza tu kusema kwamba nahodha James Sicily hakuondoka, na kwamba Jack Gunston, mmoja wa wazee walioachwa, aliitwa nyumbani kwa msimu huo wa 2024. Kwa maneno mengine, hata wao waligundua kwamba walibomoa kupita kiasi.

Hapa pana jambo dogo linaloihusu nchi yetu. Njia ya haraka ya kuziba ufa ni kumpata mchezaji aliyekwisha kuiva, na mfano mzuri ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto. Sydney ilimlea, Port Adelaide ikamchukua mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Port haikungoja miaka minne. Ilichukua tunda lililokuwa mtini. Kinyume chake ni Gold Coast, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shamba la wengine. Dion Prestia na Tom Lynch walilelewa huko wakapata ubingwa Richmond. Steven May alilelewa huko akaupata Melbourne. Gold Coast yenyewe ilianza mwaka 2011, na iliingia hatua ya mwisho kwa mara ya kwanza mwaka 2025, katika msimu wake wa 15, chini ya Hardwick yuleyule wa Richmond.

Sitaacha kulitaja suala la kushindwa kwa makusudi. Palipo na zawadi kwa wa mwisho, vishawishi haviwezi kukosekana. Wakati mmoja timu iliyoshinda michezo minne au pungufu kwa miaka miwili mfululizo ilipata nafasi ya ziada kabla ya wengine wote. Melbourne ilishinda michezo 3 mwaka 2008 na 4 mwaka 2009. Uchunguzi uliofuata ulikamilika mwaka 2013, klabu haikupatikana na hatia ya kupoteza kwa makusudi, lakini ikatozwa faini ya dola 500,000 na maafisa wakaadhibiwa kwa mwenendo wao. Mimi nasema kwamba hata kama hakuna mchezaji aliyeambiwa apoteze, kijana huona. Anayeona wakubwa wake hawakasiriki wanaposhindwa hahitaji kuambiwa. Na ndio maana klabu iliyojenga kwa kushindwa hupata taabu kuwaambia vijana walewale, mwaka wa nne, kwamba sasa ni wakati wa kushinda.

Basi tuyatazame magofu ya leo. West Coast, bingwa wa 2018, ilishinda mchezo 1 kati ya 23 mwaka 2025. Richmond, ile ile ya mataji ya 2017, 2019 na 2020, ilishinda 2 mwaka 2024 na 5 mwaka 2025. Mwishoni mwa 2024 iliagana na Martin aliyestaafu, na Shai Bolton, Daniel Rioli, Liam Baker na Jack Graham wakahamia timu nyingine. Kwa malipo yake ikapata rundo la nafasi za kuchagua, ikamchukua Sam Lalor akiwa nambari moja pamoja na vijana wengine wengi kwa mpigo. Huo si ufa. Mashabiki wanaoahidiwa kwamba 2017 itajirudia kwa sababu mwaka 2016 pia timu ilikuwa chini wanadanganywa, maana mwaka 2016 Martin, Cotchin na Rance walikuwa ndani ya jengo. Zaidi ya hayo, timu mpya ya Tasmania imepangiwa kuingia ligini mwaka 2028, na timu mpya huko hupewa sehemu nono ya chipukizi, hivyo mlango wa uteuzi utakuwa mwembamba kwa walio chini.

Katika hizo mbili naipa Richmond matumaini makubwa zaidi, si kwa sababu ya wingi wa vijana wake bali kwa sababu msimu wa 2025 Toby Nankervis na Nick Vlastuin, waliokuwamo katika mataji yote matatu, walikuwa bado wanavaa jezi yake. Kama ningekuwa na sauti katika klabu hiyo ningewaongezea hao wawili mikataba kabla ya kufikiria chipukizi mwingine yeyote. Nafasi nane za juu siitarajii kabla ya 2028, na West Coast hata baada ya hapo.